Pikapu Isiyo na Injini

Mwanamke yule hakuitwa na mtu. Alisimamisha gari lake nyuma yao, na nyumba ya magurudumu aliyokuwa akiivuta ikatulia katika wingu la vumbi jekundu. Akashuka na kofia pana ya ukili, akamkuta Merrin Brannock akilipiga teke tairi la trela.

"Limekukosea nini hilo?" akauliza.

"Kila kitu, mama," Merrin akajibu, akalipiga teke tena.

Tangu alfajiri yeye na kaka yake Darcy walikuwa wakihangaika kuifunga pikapu ya marehemu baba yao juu ya trela hilo. Kamba zilikatika. Mikanda ililegea, wakaikaza, ikalegea tena. Vidole vilichubuka. Na sasa, mara tu gari lilipokolea mwendo, trela lilianza kutupa mkia kulia na kushoto kama ng'ombe anayefukuza nzi, likaiburuta Landkruza yao nusura iingie mtaroni. Darcy alikuwa bado ameng'ang'ania usukani ingawa gari lilikwisha kuzimwa.

Mzee Hector aliacha wasia mmoja tu kuhusu mazishi yake: asibebwe na gari jeusi la vioo, lile aliloliita kabati la vyombo. Apelekwe kaburini juu ya pikapu yake, kama wafuga kondoo wenzake walivyopelekwa. Lakini injini ya pikapu ilikuwa bandani, juu ya meza. Mzee aliing'oa aitengeneze, moyo wake ukatangulia kuzimika. Basi jamaa wakakubaliana pikapu ibebwe kwa trela hadi mlangoni mwa kanisa la Corrabool, jeneza lipakiwe, kisha watu waisukume kwa mikono mpaka makaburini. Ibada ikiisha kabla pikapu haijafika, angebebwa na gari jeusi, ambalo lilikuwa limeegeshwa pale pale, likingoja.

Na katikati ya ibada Merrin alitakiwa kusimama amzungumzie baba yake. Maneno hayo aliyatunga siku zote za msiba, akiwahutubia kuku, akijisemea bafuni, hadi yakakaa sawa.

"Naitwa Noelene," mgeni akasema. "Nilikuwa nyuma yenu, nimeuona mkia ule. Mimi nimeshapitwa barabarani na nyumba yangu mwenyewe, kwa hiyo najua mambo hayo yanavyoanza."

Darcy akatoa kichwa dirishani. "Ahsante, mama, lakini tuna mazishi. Tumefunga vizuri. Barabara ndiyo mbovu."

"Barabara? Mwanangu, gari umelifunga kama marobota ya nyasi!" Noelene akaegemea ubavu wa pikapu kwa uzito wake wote. Bodi ikazama kwenye springi, na mkanda uliokuwa umepita juu yake ukaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo. "Umeona? Kila shimo linakufungulia mzigo. Funga magurudumu, bodi iache idunde itakavyo." Akafunua boneti, akainama, akainuka taratibu. "Na injini?"

"Iko nyumbani," Merrin akasema.

"Na haya masanduku huku nyuma?"

"Zana za baba," Darcy akasema kwa ukali kidogo. "Nyundo, minyororo, vikaza waya. Hawezi kwenda mikono mitupu."

Noelene hakucheka. "Vyema. Lakini uzito wote umeangukia mkia wa trela, na pua yake inalinyanyua gari lenu. Ndiyo maana linayumba. Ishusheni, muigeuze, ipande kinyumenyume."

"Kinyumenyume! Nani amepakia gari hivyo? Baba alitufundisha tangu tukiwa watoto: injini mbele, siku zote injini mbele!"

"Injini ipi, Darcy?" Merrin alipiga ukelele hadi kasuku wakaruka kwenye uzio. "Injini ipi? Ile iliyo mezani?"

Darcy akashuka, akaitazama pua tupu ya pikapu. Nzi walimtambaa usoni wala hakuwafukuza.

"Tukiishusha tutachelewa," akasema hatimaye, kwa sauti ndogo.

"Tukienda hivi watazika watatu."

Wakaishusha. Jua lilikuwa limepanda, chuma kinachoma. Waliisukuma barabarani, Noelene akikata usukani kupitia dirishani na kuwatukana kwa upole, "Sukumeni, jamani, mnaibembeleza!" Mara ya kwanza gurudumu likakosa ngazi ya trela. Mara ya pili waya wa winchi ya kuivutia juu ukajisokota. Merrin akakaa chini vumbini na gauni lake jeusi la msiba, akauchambua waya kwa meno na kucha, akimlaumu baba yake kimoyomoyo kwa kung'oa injini, kwa kufa, kwa kuwa mkaidi, kisha akijilaumu kwa kumlaumu.

Mara ya tatu ikapanda, mkia mbele. Wakavuta breki ya mkono, wakazungusha mkanda kwenye kila gurudumu, mikanda ya nyuma wakaipishanisha ili pikapu isiende upande. Noelene akaitikisa. Trela zima likatikisika pamoja nayo, kitu kimoja.

"Sasa nisikilize, binti," akasema akimshika Merrin kifundo cha mkono. "Mkanda uliotoka kufungwa hulegea ukishakwenda kidogo. Simama penye geti la kwanza, uukaze. Simama darajani. Na simama tena kabla ya kuingia lami, hata kama kila kitu kinaonekana sawa. Niahidi."

"Naahidi."

"Wengi huahidi," Noelene akasema, akarudi garini mwake.

Getini mikanda miwili ilikuwa imelegea. Merrin akaikaza. Darajani ulilegea mmoja, kidogo tu. Trela lilikuwa limetulia kama mbwa mzee, na Darcy akaanza hata kupiga mbinja. Walipokaribia lami, paa la kanisa likaonekana, na simu ya Merrin ikapata mtandao. Ikalia: alikuwa shangazi Ivy, akinong'ona kutoka kanisani.

"Mko wapi? Mchungaji anakaribia kukuita. Ana mazishi mengine mji wa pili, hangoji mtu. Ukija sasa hivi utawahi."

"Wahi, wahi!" Darcy akasema, akikanyaga mafuta. "Mikanda iko sawa, Merri. Naiona kwenye kioo."

Na yeye aliiona. Maneno yote yalikuwa tayari mdomoni mwake, lile la mvua na la kondoo aliyelelewa jikoni.

"Simama."

"Merri! Yule mama hakuoni! Ameshaenda zake!"

"Simamisha gari, kaka."

Darcy akasimamisha, akapiga usukani kwa kiganja. Merrin akaiacha simu kitini, ikiwa bado hewani, akashuka. Gurudumu la kwanza: mkanda umekaza. La pili: umekaza. Kutoka garini alisikia sauti ya mchungaji, nyembamba, ikiuliza kama binti wa marehemu amefika, kisha, zamu yake ikiwa imepita, kinanda na watu wakianza kuimba. Akazunguka upande wa pili. La tatu lilikuwa sawa. Akapiga goti penye la nne, akaushika mkanda kwa mikono miwili, akauvuta kwa nguvu zake zote, na haukusogea hata kidogo.