Keke ya Kifuani

Mume wangu Laurian ni seremala, na alirudi kutoka vita vya Uganda na mkono mmoja uliokufa ambao hakutaka mtu yeyote aujue. Alikwenda na mgambo wa huku kwetu Nyamiaga, risasi ikampata begani kushoto. Kidonda kilifunga vizuri tu, lakini mkono wenyewe haukuinuka tena kupita kiuno. Basi akajifunza kuuweka mfukoni mwa koti na kutembea taratibu kama karani wa wilaya. Watu wakasema vita vimemfanya mtu wa mjini.

Mimi atanifichaje? Tunalala kitanda kimoja. Nikimgusia ananiambia mkono utapona. Nikirudia anatoka nje. Nilikuwa na hasira naye, nasema kweli. Nilikuwa na hasira na huruma kwa pamoja, na hivyo vitu viwili havikai vizuri tumboni mwa mtu.

Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, yeye ndiye aliyekabidhiwa karakana. Milango, vitanda, madawati ya shule, vyote vilipita mikononi mwake. Aliporudi kutoka vitani akawa anapima na kuchora mbao tu, msumeno na randa anamwachia fundi mwenzake, Matiasi, eti kiongozi hafanyi kila kitu. Kiongozi! Mtu ambaye zamani hakukubali hata nimfagilie maranda yake.

Ikaja siku keke ya karakana ikavunjika, na bila keke mbao haitoboleki. Bidhaa zilikuwa adimu kila mahali, lakini kijiji chetu kikapata kibali cha wilaya cha kununua keke moja pale duka la ushirika, mjini Ngara. Walitaka ambayo itafanya kazi karakanani na pia itabebeka kwenda kufungia milango majumbani, maana umeme hatukuwa nao, kila kitu kilitegemea mkono wa mtu. Mkutano ukaamua keke hiyo achague shujaa wetu Laurian, na akirudi nayo atoboe dawati la kwanza mbele ya wanakijiji wote. Wakapiga makofi. Walidhani wanamheshimu, kumbe wanamfunga kamba. Akishindwa siku hiyo, karakana imekwenda, na mimi nilijua bila karakana yule mtu atakwisha.

Nikasema nami nakwenda Ngara, nataka sabuni. Sabuni ilikuwa haijaonekana dukani tangu vita vianze, kwa hiyo alijua naongopa, lakini hakunikataza. Tukapanda kilima.

Muuzaji alikuwa mzee Idefonsi, mtu wa makamo ya baba yangu. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza habari za watoto, za migomba, za kila kitu, ndipo akatuwekea keke mbili juu ya meza. Moja ilikuwa kubwa, ya mpini uliopinda: kiganja kimoja unakandamiza kirungu cha juu, kwa mkono wa pili unauzungusha ule mpindo. Inatoboa hata gogo. Ya pili ilikuwa fupi, inaingia kwenye kikapu cha kwendea sokoni. Juu ina kibao cha kuegemeza kifuani, ubavuni ina gurudumu la meno na mpini. Unaisukuma kwa kifua, unazungusha kwa mkono mmoja.

Nilipoiona hiyo ndogo nikajua ndiyo inayomfaa. Nikamwambia Laurian polepole, kwa Kihangaza, lugha yetu ya nyumbani, aijaribu. Akanitazama kama sijui nimetukana nini. Mzee Idefonsi naye akamsogezea kipande cha mbao, akasema keke ni ya kujaribiwa, usinunue kwa macho. Laurian akajibu kwamba amezaliwa na keke mkononi, hana haja ya kujaribu. Akanyoosha kidole kwenye ile kubwa.

Kumbuka, mimi ni mke, niko mbele za watu, tena mbele ya mzee. Mke hampingi mumewe dukani. Nikajikaza kisabuni.

Mzee Idefonsi akaichukua ile keke kubwa, akaifuta vumbi, akampa kwa mikono miwili, kama tunavyompa mtu kitu cha maana. Na kwetu ukipewa hivyo unapokea hivyo hivyo, kwa mikono miwili. Kupokea kwa mmoja ni kumwambia mwenzako kwamba yeye na kitu chake si chochote. Hata mtoto anayetambaa anafundishwa.

Laurian akatoa mkono wa kulia. Wa kushoto ukatoka mfukoni, ukafika kiunoni, ukakwama pale. Mzee akasubiri, keke iko hewani. Uso wa mume wangu ulilowa jasho, na mle dukani kulikuwa na baridi.

Sikufikiri. Nilipitisha mkono wangu wa kushoto chini ya ile keke, nikauweka sambamba na wa kwake wa kulia. Tukaipokea, mkono wake na mkono wangu.

Mzee Idefonsi akainamisha macho, akaanza kupanga vibiriti ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Laurian aliitazama mikono yetu, nikadhani atanifokea. Kisha akairudisha ile keke mezani.

"Mama Kanyange," akaniambia, "mkono huu umekufa. Haurudi."

"Najua, Baba Kanyange."

"Mzee, nipe hiyo ya kifuani niijaribu."

Akaiegemeza kifuani, akazungusha. Mara ya kwanza ncha iliteleza kwa sababu mbao haikushikwa, mara ya pili mzee aliishika, na tundu likapita safi. Laurian akalipuliza vumbi, akachungulia ndani yake kama mtu anayechungulia nyumba yake mwenyewe kutoka dirishani.

Kijijini haikuwa rahisi. Mwenyekiti alipoiona aliigeuza geuza, akauliza kama wilaya imetupa kitu cha kuchezea watoto, maana keke ile haitoboi tundu la kupitisha kiunzi cha kitanda. Watu wakacheka. Laurian akavua koti. Sikuwahi kumwona akivua koti mbele za watu tangu arudi. Mkono ukaning'inia pale, umekonda, kila mtu akauona, na kicheko kikakatika.

"Hii ndiyo keke ninayoiweza," akasema. "Mkitaka ile kubwa, irudisheni hii, na karakana mpeni Matiasi. Sitakasirika."

Alikuwa anaongopa, angekasirika hadi kufa. Matiasi akasimama. Ni mtu wa maneno machache, na siku hiyo pia hakuzidisha.

"Ndugu mwenyekiti, matundu makubwa baba zetu waliyachoma kwa chuma cha moto. Nitayachoma mimi. Madogo atatoboa yeye. Mimi huo mkono niliuona siku ile ile aliyorudi, nikaona msumeno ni mzito kwake, nikaubeba. Karakana ni yake."

Laurian alilia pale pale, mtu mzima, mbele ya mkutano. Nikamwacha alie. Mwenyekiti akakohoa, akasema basi, dawati liletwe.

Wakaleta mbao, zikawekwa juu ya benchi. Laurian akaipachika keke kifuani, akaweka ncha kwenye alama aliyoichora, halafu akasita. Tangu atoke vitani mtu huyu hakuwa ameniomba kitu chochote. Hata maji ya kunywa alikwenda kujichotea mwenyewe mtungini, na mimi mkewe nimekaa hapo hapo namwangalia.

"Mama Kanyange," akaita, kwa sauti ya watu wote kusikia, "njoo unishikie ubao."

Nikaenda nikamshikia.