Nyumba Inayoshika Joto

Koko, nyanya yangu, aliishi na moshi miaka sabini na moshi haukumuua. Aliuawa na jiko lisilo na moshi, na mimi ndiye niliyelinunua.

Nyumba yake ya zamani, huko Kona Baridi, aliijenga kwa mikono yake kama wanawake wote wa rika lake: fito, udongo, samadi ya ng'ombe, na juu ya moto tundu dogo la kutolea moshi. Jua likiwaka, ndani kulikuwa na ubaridi. Upepo ukipanda kutoka bondeni, ndani kulikuwa na joto. Lakini moshi wa kuni ulikuwa umemharibia macho. Kila nikitoka Kitengela kumwona, nilimkuta akiyapangusa kwa ncha ya shuka.

Mimi nilisomea ujenzi, nikapata diploma. Kazi yangu ni kuweka dari zinazozuia joto na baridi katika nyumba za watu, ili watoe hita na feni za zamani zinazokula stima. Kwa hiyo nilijiona najua. Nikamletea jiko la udongo, lile linalookoa makaa, nikamwambia aachane na kuni.

Mwaka huohuo baba mdogo Lazarus aliibomoa nyumba ya samadi, akamjengea mamake nyumba ya mabati ya buluu inayoonekana kutoka barabarani. Mchana ilikuwa tanuri. Usiku ilikuwa friji. Nilimwambia tuweke dari, na kwamba nitaiweka mwenyewe. Akaniuliza nyumba yangu ya diploma iko wapi, maana yeye alisikia napanga chumba kimoja Kitengela. Watu wakacheka, nami nikacheka nao.

Badala ya dari, baba mdogo alitafuta mahali joto lilipokuwa likipotelea. Alikata godoro kuukuu vipande vipande, akaziba kila upenyo chini ya paa. Akashindilia gunia juu ya mlango. Baada ya hapo kopo moja la makaa lilitosha usiku kucha. Alilitaja jambo hilo kanisani, na majirani wakaja kujifunza.

Julai iliyofuata Koko Kakenya hakuamka. Jiko lilikuwa miguuni pake, limejaa majivu.

Wengi walisema ni uzee. Nilipotaja hewa ya makaa, sumu isiyoonekana, baba mdogo aliniuliza mbele ya waombolezaji kama kuna mtu aliyeona moshi. Hakuna aliyeuona. Basi hoja yangu ikafia hapo, kwa sababu kwetu moto mbaya ni ule unaokohoza.

Mwaka huu, mwezi wa sita, Zipporah alijifungua mtoto wa kiume. Zipporah ni mke wa Samuel, mwana wa Lazarus, anayefanya kazi kwenye shamba la maua Isinya na kurudi nyumbani Jumapili. Baba mdogo alimhamishia mzazi katika nyumba ya Koko, kwa kuwa inashika joto. Mimi nilipata habari hizo kwa simu, wiki tatu baadaye. Jumamosi asubuhi nilikuwa Kona Baridi.

Ukungu ulikuwa umefunika boma. Nilimkuta Zipporah ameketi kitandani, kichwa amekiegemeza ukutani, jiko likiwaka jekundu katikati ya chumba.

"Niko na kichwa tangu jana," akaniambia. "Lakini huyu hana shida, Soipan. Analala tu. Hata kunyonya anasahau."

Nilimwinua mtoto. Shingo yake ilining'inia juu ya mkono wangu kama soksi.

Nilitoka naye nje mbio, nikarudi kumvuta mamake. Zipporah alitapika kwenye ua. Jirani yetu Lesiamon alitupeleka hospitali, Kiserian, ndani ya pikapu yake, mbuzi wawili wakiwa bado wamefungwa nyuma. Daktari aliuliza swali moja tu, kama walilala na jiko, kisha akawawekea wote wawili hewa ya oksijeni. Kufikia jioni Zipporah aliweza kukaa. Mtoto alifungua macho Jumatatu. Ukimwekea kidole kwenye kiganja, hakukishika. Daktari alisema tusubiri. Hakusema tusubiri nini.

Waliruhusiwa kurudi nyumbani Jumatano. Jumanne nilitangulia ili nitayarishe nyumba, na nilipofungua mlango joto lilinipiga usoni. Jiko lilikuwa linawaka. Baba mdogo alikuwa ameliwasha tangu asubuhi, akatoka kwenda kutafuta makaa zaidi. Alikuwa akiwapashia nyumba, kwa upendo.

Sikumngoja. Nilichukua mkasi wa mabati na nyundo, vyombo ninavyofanyia kazi kila siku. Niling'oa vipande vya godoro, kimoja kimoja. Nilikata matundu manne chini ya paa, mawili mbele na mawili nyuma, makubwa ya kupitisha mkono. Kisha nikalitoa jiko nje na kulivunja, jiko langu mwenyewe, mpaka udongo wake ukawa vigae.

Baba mdogo alirudi na gunia begani. Aliona pazia likicheza kwa upepo. Alitua gunia na kulikalia, akaitazama nyumba ya buluu iliyotobolewa upande wa barabara, mahali kila mtu anaweza kuona.

Usiku huo Samuel aliomba ruhusa kazini akaja, akanishikia mbao. Tuliweka dari, na juu yake sufu nene. Zipporah na mtoto wamelala humo bila moto tangu waliporudi, na wana joto la kutosha. Mtoto bado hashiki kidole.

Jana wazee wa ukoo waliniita. Nilimwinamishia baba mdogo kichwa ili anisalimu kwa kunigusa utosini, kama nilivyofanya tangu utotoni. Mkono wake haukuja. Ulibaki juu ya fimbo.

Aliongea polepole. Alisema haya ya mtoto yanamuuma hata hapati usingizi. "Lakini hiyo nyumba nilimjengea mama yangu," akasema. "Umeitoboa bila kuniuliza, watu wakiona. Lete blanketi na kondoo, useme umekosa. Nitakushika kichwa, tumalize."

Zipporah alikuwa ameketi kando, mtoto mapajani. Aliangalia chini. Nilikuwa bado nimeinama. Nikainua kichwa.

"Koko nilimwomba msamaha kaburini, baba mdogo, kwa sababu jiko lilikuwa langu. Huyu mtoto nitamwomba akikua, kama atanisikia. Lakini kwa yale matundu, hapana. Siombi msamaha."