Mtelezo Uliobaki

Mumewe alikuwa akipaka mafuta mikebe ya mikate pale Chiriku alipopita jikoni akiserereka, naye akainua mguu mmoja ili mkewe apite.

"Chai yako iko mezani, Mama Kitufe," alisema.

"Nitainywa nikirudi," Chiriku alijibu, akatokea mlango wa nyuma. Miguu ilitangulia, ubavu wa kushoto ulikuwa chini, mkono wa kulia umenyanyuka kama wa mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kusema. Alivuka ua kwa mwendo wa kobe, akapita chini ya kamba ya nguo, akafika kwenye ukuta wa mwisho. Pale mama mkwe alikuwa ameegemeza godoro kuukuu ili mkwewe asiumie. Mumewe alipomaliza mikebe alifuta mikono, akamfuata, akambeba hadi kitandani. Hata mlango hajaufunga vizuri, Chiriku ameshaanza safari upya.

Ilikuwa hivyo tangu siku ya pili baada ya mashindano.

Chiriku alikuwa mwendesha pikipiki za mbio. Jina hilo alipewa na waendeshaji wenzake, kwa sababu hata ndani ya kofia ngumu mdomo wake haukupata likizo. Nyumbani alikuwa Mama Kitufe, kwa ajili ya mwanawe, ambaye kitovu chake kilitokeza kama kitufe cha kengele, na kila aliyembeba alikibonyeza kidogo.

Jumapili ya mashindano mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, ikakatika muda mfupi kabla ya mbio. Chiriku alikuwa wa pili. Alipofika kona iliyo mbele ya jukwaa la wageni, pikipiki imelala upande, goti linakaribia kugusa lami, aliona maji yametanda mahali ambapo hayakutakiwa kuwepo. Mkono ukafanya kile ambacho mkono hufanya moyo unaposhtuka: ukabana breki ya mbele. Tairi likaaga. Pikipiki ikaenda zake, na yeye akaenda zake, akiserereka juu ya lami iliyolowa.

Upande wa pili, kwenye viti vya watazamaji, mumewe alikuwa amemwinua Kitufe juu ya kichwa chake ili amwone mama. Chiriku alimwona. Jambo moja tu lilimjia akilini: mtoto asinione nimelala chini. Akaona kama ametulia, akaruka akasimama. Kumbe bado alikuwa akienda. Lami ikamng'oa miguu, akabingirika, akasimama tena, akapunga mkono. Watu walipiga makofi. Hospitalini walimfunga kidole cha mwisho, wakampaka dawa kwenye nyonga, wakamwambia akapumzike.

Alipojilaza nyumbani kupumzika, ndipo alipoanza kuserereka.

Daktari alikuja, akampima mapigo ya moyo huku akitembea kando yake kutoka chumbani hadi ukutani. Hakuwa na haraka. "Ulisimama kabla mtelezo haujaisha," alisema. "Wengi hufanya hivyo. Sasa ule uliobaki umekufuata nyumbani."

"Dawa yake nini?" mume aliuliza.

"Uishe," alisema daktari, akafunga mkoba wake.

Mama mkwe, aliyekuwa mwanamke wa maneno mengi na moyo mwepesi, alitikisa kichwa. "Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Wewe mkwe wangu umefanya yote mawili, tena umeanza na la pili."

Nyumba ikazoea. Jiko lilisogezwa, makochi yakabanwa ukutani, stuli ya Kitufe ikahamishiwa uani. Chiriku alijifunza kumenya viazi akipita; mama mkwe alimpa beseni chumbani na kulipokea mlangoni. Siku moja mumewe alimfunga kiunoni kwa kitambaa cha kubebea mtoto, akakifunga na mguu wa meza ya kukandia unga. Meza ikaenda naye, na unga juu yake, ukaumukia uani. Mikate ya siku hiyo ilitoka imeinama upande wa kushoto. Wateja hawakulalamika. Mmoja alisema ni rahisi zaidi kuikata.

Shida ilikuwa Kitufe. Kabla ya ajali alikuwa ameanza kusimama kwa kushika miguu ya viti, na nyumba nzima ilikuwa ikingoja hatua ya kwanza kama watu wanavyongoja mgeni aliyepiga simu kusema yuko njiani. Sasa aliacha viti. Kila mama alipopita, mtoto aliketi, akajisukuma kwa makalio, akaserereka nyuma yake akicheka.

"Huyu ataserereka hadi shuleni," alisema mama mkwe. "Na siku ya harusi yake tutamsindikiza tukiwa na ufagio."

Mumewe alicheka. Chiriku hakucheka. Alijua kwamba hatua ya kwanza ya mtoto hutoka mikononi mwa mtu mmoja kwenda mikononi mwa mwingine, na mikono yake yeye haikai mahali pamoja. Alitaka kitu kimoja tu: siku mwanawe atakapokuja, amkute alipo.

Kwa hiyo alipigana. Alishika fremu ya mlango, alikaza visigino, alijaribu kusimama ghafla kama aliyemkumbuka mtu nje. Kila alipojaribu alitupwa upya, nyonga ikauma, na mtelezo ukazidi kasi, kama ng'ombe aliyevutwa mkia. Mwisho alichoka, akajiachia. Akalala ubavu, kiganja sakafuni, akaacha aende.

Ndipo alipoanza kuona. Siku ya ajali mambo yote yalipita kama chafya. Sasa alikuwa na nafasi ya kutazama. Kila alipovuka kizingiti cha jikoni, shavu likiwa karibu na sakafu, aliona mstari mweupe wa pembeni mwa lami, aliona nyasi, aliona jukwaa la wageni na zulia lake jipya. Na aliona maji. Zamani pale palikuwa na mtaro. Jukwaa lilikuwa limejengwa juu ya mdomo wake. Maji yalifika, yakagonga mbao kama mgeni asiyetarajiwa, yakakosa wa kuyafungulia, yakageuka kurudi barabarani.

"Baba Kitufe," alimwambia mumewe siku hiyo, akiwa amefika karibu na kabati la vyombo. "Mkono ulikuwa wangu."

"Mkono upi?"

"Wa breki. Niliubana. Hilo ni langu, nalibeba." Alipita chini ya meza, akatokea upande wa pili. "Lakini maji si yangu."

Mumewe alifikiri kidogo. "Nikuongezee sukari?"

"Kidogo."

Meneja wa uwanja alikuja kumjulia hali, ameshika mfuko wa machungwa. Alifuatana na Radi, mwendeshaji mwenye masharubu yaliyochanwa vizuri, ambaye msimu ule alikuwa akiongoza. Walikaribishwa sebuleni. Chiriku alipopita, meneja alikunja miguu yake kwa adabu.

"Pole sana, dada."

"Nishapoa. Karibuni."

"Chiriku," alisema Radi, "hata ukiwa mgonjwa hutaki kupitwa!"

"Pita tu kaka, njia ni pana."

"Aa, mimi na sakafu hatujuani. Mimi sianguki."

"Mbio za sakafuni huishia ukingoni," alisema mama mkwe akimenya chungwa, na haikujulikana anamwambia nani.

Walimfuata Chiriku hadi uani ili mazungumzo yasikatike. Meneja alisema kwamba waendeshaji wapya wana hofu, na ingefaa yeye, kama dada yao, awaambie kwamba alizidisha mwendo. Basi. Mwendo kila mtu anauelewa.

"Nitawaambia nilibana breki nikiwa nimelala kona," alisema Chiriku. "Hilo ni kweli, na litawasaidia. Na nitawaambia mtaro uko chini ya zulia."

Meneja alitazama chini. Hakukasirika. Alikuwa mtu mpole, mwenye watoto. "Ni kweli tupu," alisema. "Mimi mwenyewe niliuona ukifunikwa. Lakini wageni watakaa wapi?"

"Pembeni."

"Pembeni hawaoni watu wakipita kona."

Chiriku alifika godoroni, akakoma. Meneja alimsaidia kuweka vizuri mto wa kichwa, akamwachia machungwa yaliyobaki, akaaga. Radi alibonyeza kitovu cha Kitufe, akaaga pia.

Siku ilipofika haikuwa na dalili yoyote. Ilikuwa alasiri. Mama mkwe alikuwa anaanua nguo, mume amesimama mlangoni na unga hadi viwikoni. Chiriku alikuwa katikati ya ua, akienda, na kwa kuwa miguu yake ndiyo iliyotangulia, uso ulitazama nyumbani. Kwa hiyo alimwona Kitufe ameshika stuli yake. Akamwona anasimama. Akamwona anaiachia.

Mtoto alipiga hatua. Akapiga nyingine. Mikono ilikuwa juu, tumbo mbele, kitovu kimeongoza njia. Mama mkwe alibaki na shuka kifuani. Hatua iliyofuata ilikwenda pembeni, magoti yakalegea, na Kitufe akaanza kuanguka, akimtazama mama yake.

Kila kiungo cha Chiriku kilisema, ruka. Vilikuwa viungo vilevile vilivyoruka Jumapili ile, kwa sababu ileile. Aliweka viganja chini, akavikandamiza.

"Achia, mwanangu," alisema taratibu. "Kaa tu."

Kitufe akakaa. Vumbi lilipanda kidogo. Alikunja uso, akabaki hivyo, kama watoto wanavyofanya kabla hawajaamua walie au wasilie, akatafuta jibu usoni mwa mama. Mama naye alikuwa chini, kama yeye.

"Umeanguka?" Chiriku aliuliza. "Hata mimi. Umeona palivyo pazuri huku?"

Mtoto aliamua kucheka, na mama akacheka naye, na ndani ya kicheko hicho mtelezo ukaisha. Hakuna aliyegundua mpaka mama mkwe aliposema, akiendelea kukunja shuka, "Mkwe wangu, mbona umekaa?"

Chiriku hakuharakisha. Alingoja, akangoja tena, hadi alipohakikisha kwamba ardhi na yeye wamekubaliana. Kitufe alikuwa ameshasimama. Alikuja kwa miguu yake, akiyumba kama anayebeba ndoo iliyojaa, akaingia mikononi mwa mama yake, na mikono ilikuwa palepale alipoiona mwanzo. Mumewe aliwakumbatia wote wawili, akawaacha weupe kwa unga.

Alipopona nyonga, Chiriku alikwenda kwenye mkutano wa waendeshaji, akawaeleza habari ya mkono na habari ya maji. Walimsikiliza vizuri. Meneja alimshukuru mbele ya watu, na wiki hiyohiyo uwanja ukaweka kibao kwenye kona, kimechorwa pikipiki inayoteleza. Ulikuwa mchoro mzuri. Hata matairi yalionyesha kashata zake, yale meno ya kushika lami. Mtaro ulibaki chini ya jukwaa.

Chiriku alirudi kwenye mbio. Kona ile aliipita polepole, vidole mbali na breki, akipitwa na wengi. Siku ambazo hakukuwa na mashindano alitandaza turubai uani, akalimwagia maji ya sabuni, akawafundisha wapya kuanguka. Achia pikipiki, aliwaambia. Usishike kitu. Ukidhani umesimama, subiri. Ukiwa na hakika, subiri tena. Kitufe naye alipanga foleni pamoja nao, akaserereka zamu yake, akainuka akiwa wa mwisho kuliko wote, na kila mtu alisema huyu atafika mbali. Radi hakuja. Yeye alikuwa haanguki.

Msimu wa mvua uliporudi, asubuhi moja baada ya mashindano, mikate ikiwa tanurini, Radi alipita mbele ya nyumba akiserereka. Alikuwa amelala chali katikati ya barabara, suti ya ngozi imechanika begani, masharubu yamechanwa vizuri. Kila alipofika kwenye nguzo ya umeme alijaribu kusimama, na kila mara barabara ilimlaza tena.

Chiriku alichukua mwavuli, akatoka, Kitufe ameshika kidole chake kile kilichowahi kufungwa. Wakatembea kando ya Radi, mwavuli juu ya uso wake.

"Usisimame bado, kaka."

"Bado sana?"

"Inategemea. Jana ulisimama mapema?"

Radi alitazama mawingu. "Mama yangu alikuwa anaangalia," alisema.

"Najua."

Kitufe aliinama akambonyeza Radi tumboni, akikitafuta kitovu.

"Ni pale pale?" aliuliza Chiriku.

"Pale pale. Nilipita karibu na kile kibao, nikakiona vizuri kabisa."

"Na zulia?"

"Wamebadilisha. La zamani lilikuwa limeanza kunuka unyevu."

Mume alitoka na mkate wa moto, akauweka juu ya kifua cha Radi, akainua mguu mmoja ili apite. Mama mkwe alikuja nyuma akiburuta lile godoro kuukuu hadi kwenye ukuta wa mwisho wa mtaa. Alipoliegemeza aligeuka, akaweka mkono juu ya macho kuikinga mvua, akaona wengine wawili wakija taratibu kutoka kule juu, mikono yao imenyanyuka.

"Kitufe, mjukuu wangu," alisema, "twende ndani tukatafute magodoro."