Tone Jekundu Juu ya Skrubu

Kuna mgeni anayeingia nyumbani bila kupiga hodi. Hapewi kiti wala chakula, lakini akishakaa humla mwenye nyumba kidogo kidogo. Ni nani? Mwingine angeshindwa, akatoa mji. Namalwa, mke wa Erastus fundi wa cherehani, asingeshindwa, maana mwaka ule Kenya ilipokuwa Jamhuri mgeni huyo, Wivu mwenyewe, alikuwa amejilaza kifuani mwake tangu mvua za kupandia.

Erastus alifanyia kazi mjini Kakamega, kwenye baraza ya duka moja la nguo. Kila mchana Namalwa alitoka Lurambi kwa miguu, kikapu kichwani, obusuma, ugali wa moto, ndani ya jani la mgomba, mboga kando, na kisu chake kidogo chenye pengo cha kuchambulia mboga za jioni akipita sokoni. Mume akila, yeye alikaa kwenye kigoda akiwatazama wateja. Zamani aliwatazama wote sawasawa. Siku hizi alimtazama mmoja.

Huyo mmoja aliitwa Zeituni. Alikuwa mke mdogo wa Bwana Athman, mfanyabiashara wa Mumias, na alikuwa amepata kazi ya kushona sare za watoto watakaoimba siku ya Jamhuri. Alikuja kwa basi na cherehani yake ya mkono, akanukia marashi kabla hajafika, akaweka mzigo mezani na kusema kwa sauti ya kudeka:

"Fundi wangu, imelegea tena."

Wangu! Neno lile lilimchoma Namalwa kama ncha ya sindano.

Na kilicholegea kilikuwa kile kile kila mara: skrubu moja ndogo inayoshika bamba la chuma chini ya sindano. Ikilegea, bamba linasogea, sindano inagonga chuma na kukatika. Erastus aliikaza. Zeituni akaenda, akarudi. Erastus akazungushia uzi kwenye meno ya skrubu ili ibane. Zeituni akarudi. Erastus akaivisha washa ya springi, ile yenye mkato, inayosukuma skrubu isizunguke ovyo. Zeituni akarudi, akacheka kwa aibu, akajifunika mdomo kwa vidole. Hapo ndipo Namalwa alipoviona vidole vile. Kucha zake zilikuwa nyekundu, nyekundu ya kukolea.

"Baba Sellah," Namalwa alimwambia mumewe Zeituni alipoondoka, "mbona cherehani za watu wengine hazilegeinga hivyo?"

"Hata mimi nashangaa," Erastus alijibu, akigeuza bisibisi mkononi. "Skrubu niliyoikaza mimi haijifungui yenyewe. Ni mkono wa mtu."

Namalwa akasema moyoni: naam, ni mkono wa mtu, na kucha zake nimeziona. Anaifungua huko kwake apate sababu ya kuja.

Jumamosi, akifua shati la mumewe, aliingiza mkono mfukoni akakuta kichupa. Kidogo, cha kioo, mfuniko mweupe, na ndani rangi ya kucha. Nyekundu.

Alikaa chini pale pale kwenye nyasi, maji ya sabuni yakimkauka mikononi. Tangu waoane Erastus hakuwahi kumnunulia hata chanuo bila kuambiwa. Aliyatazama makucha yake mwenyewe, yaliyopasuliwa na jembe, yenye udongo wa Lurambi usiotoka kwa maji wala kwa jiwe. Akalisuuza shati, akalianika, na kichupa akakiweka mezani mahali ambapo mwenyewe angekiona. Erastus alikiona, akakichukua, akakitia katika sanduku la vyombo vya kazi. Namalwa hakuuliza.

Jioni hiyo, chungu kikiwa jikoni, Erastus alikuwa mchangamfu. Wawili hawa walipenda kutegana vitendawili kabla ya chakula. Ndivyo walivyochumbiana, na ndivyo walivyokuwa wakisuluhishana.

"Kitendawili," Erastus alisema.

"Tega," Namalwa alijibu, bila kuinua uso.

"Askari wangu hana macho wala bunduki, amelala mlangoni. Lakini hakuna mwizi apitaye bila kumvunja mgongo."

"Mbwa."

"Mbwa ana macho."

"Sijui mimi. Kufuli."

"Karibu, lakini siyo. Umeshindwa! Nipe mji."

Kwa desturi Namalwa alimpa miji ya mbali na ya raha, Nairobi au Mombasa, naye Erastus alisimulia alivyofika huko, alivyopokewa na alivyokula, na mwisho kabisa ndipo alipotoa jibu. Safari hii Namalwa aligeuka na mwiko mkononi.

"Nakupa Mumias. Chukua yote, na marashi yake, na kucha zake. Si ndiko moyo wako uliko?"

Akatoka nje kwenda kuwafungia kuku, na aliporudi akajipakulia chakula chake. Kwa hiyo jibu halikutolewa. Erastus alijaribu kusema, "Lakini mke wangu, hujasikia..." naye akamwambia, "Nimesikia ya kutosha."

Sasa sikiliza kosa lilivyozaliwa, maana lilizaliwa na lile jibu lililobaki njiani.

Jumatatu Namalwa alifika barazani akamkuta Erastus amekwenda dukani kutafuta mafuta ya mashine. Cherehani ya Zeituni ilikuwa juu ya meza, imefungwa kwa kitambaa cheupe, tayari kuchukuliwa. Mkono ukamwasha. Alifungua fundo, akafunua. Na pale, juu ya ile skrubu, palikuwa na tone jekundu, limepakwa vizuri, nusu juu ya kichwa cha skrubu na nusu juu ya bamba.

Rangi ya kucha! Kumbe wanaachiana alama kama watoto wanaochora majina kwenye mti. Alichomoa kisu chake chenye pengo, akalikwangua lile tone mpaka likatoka vipande vipande, na kwa hasira akatia ncha ya kisu katika mkato wa skrubu, akaizungusha. Ililia kidogo, ikalegea. Akafunga kitambaa, akarudisha fundo, akapuliza unga mwekundu uliobaki mezani.

Zeituni alikuja mchana. Erastus alimkabidhi mzigo akisema, "Usiufungue mpaka Mzee Athman awepo. Aone kwa macho yake."

Namalwa akashtuka kidogo. Mpenzi gani anataka mume wa mwenzake aone alama yake? Lakini mgeni aliyelala kifuani akamwambia: usisumbuke, ni hila. Akamwamini mgeni.

Alhamisi Erastus aliitwa Lubao kutengeneza cherehani iliyokataa kuvuta uzi. Namalwa akabaki barazani kuangalia vyombo, akichambua mboga. Ndipo Zeituni alipotokea, uso umemwiva kwa furaha, cherehani mikononi.

"Dada yangu, fundi yuko wapi? Nimekuja kumshukuru. Nimemkamata!"

"Umemkamata nani?"

"Zainabu! Mke mwenzangu, huyo mkubwa." Zeituni alikaa bila kukaribishwa. "Mimi nilisema toka mwanzo ni yeye anayenifungulia skrubu, kwa vile mzee amenipa mimi cherehani na yeye hakupata. Yeye anaapa hakugusa. Mzee akachoka na kelele. Basi fundi akatupa akili: atapaka tone la rangi, likikauka linaishika skrubu isilegee kwa kutikisika, na mtu akiizungusha, rangi inavunjika. Haiungiki tena. Mzee akasema, rangi ikivunjika, Zainabu arudi kwao. Jumatatu nilifika jioni, mzee yuko Butere. Nikauweka mzigo sebuleni vile vile umefungwa, nikalala. Asubuhi mzee anarudi, tunafungua mbele ya watu wote. Wallahi, dada, rangi imekwanguliwa! Kesho baada ya swala ya Ijumaa, kaka yake anakuja kumchukua."

Jani la mboga lilimdondoka Namalwa. Askari asiye na macho wala bunduki. Mwizi hapiti bila kumvunja mgongo.

"Na hiyo rangi," alisema polepole, "siyo yako? Wewe si unapaka kucha?"

Zeituni alicheka sana. "Rangi ya chupa? Nitatawadha vipi, maji hayafiki kwenye kucha? Hii ni hina, dada! Inaingia ndani, haifuniki. Ile ya chupa kainunua fundi dukani, mimi hata kuishika sijaishika."

Namalwa alitazama kisu mkononi mwake. Katika lile pengo, mpaka leo, kulikuwa na chembe nyekundu. Angeweza kukifuta na aproni, na dunia ingeendelea. Tena angefaidika: Zainabu akiondoka, hakuna wa kufungua skrubu, na Zeituni hatakanyaga tena baraza hii na marashi yake.

"Zeituni," alisema, "si yeye. Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Niliikwangua mimi, hapa hapa, kabla hujaichukua. Nilidhani... nilidhani wewe na mume wangu."

Kicheko cha Zeituni kilikatika. Akamtazama Namalwa juu mpaka chini, kigoda, kikapu, kisu. Kisha akafanya jambo ambalo Namalwa hakulitegemea: akainama karibu, akanong'ona.

"Nyamaza, dada. Kwani nani amekuuliza? Wewe una mume mzima, unampikia kila siku, unalala naye kila siku. Mimi nina nusu ya mtu. Kesho napata mzima. Unataka nini? Nisije hapa tena? Siji. Kuna fundi Butere, nitakwenda kwake. Nyamaza tu."

Akaondoka haraka bila kungoja jibu, cherehani akaiacha mezani.

Namalwa alikaa na yale maneno. Ajabu yake, hakusikia hasira. Alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka katika kinywa cha mwingine, na ikamtia kinyaa. Lile neno la nusu ya mtu lilimuuma. Lakini zaidi ilimuuma kumfikiria mwanamke asiyemjua, akikunja nguo zake kwa kosa la kisu cha Lurambi.

Erastus aliporudi kutoka Lubao Namalwa alimweleza yote, amesimama, kama mtoto mbele ya mwalimu. Erastus alikichukua kile kisu, akakitazama, akakirudisha.

"Ulinidhania hivyo?" aliuliza.

"Nilikudhania."

"Ungengoja jibu tu, mama. Jibu moja." Sauti yake ilikuwa imechubuka. Baadaye akasema, "Nije nawe kesho?"

"Hapana. Mkono uliofanya ni wangu."

Ijumaa alipanda basi la Mumias. Nyumba ya Bwana Athman hakupata shida kuionyeshwa. Zainabu alikuwa ameketi juu ya sanduku la bati mlangoni, mtandio mweusi, mikono imetulia magotini, mwanamke mtu mzima mwenye macho makavu. Kaka yake alikuwa keshafika. Zeituni alipomwona Namalwa alirudi nyuma ya pazia.

"Salaam alaykum," Namalwa alisema, kwa kuwa njiani alikuwa amejifunza kwa abiria mwenzake namna ya kuingia.

"Alaykum salaam. Nani mwenzetu?" Bwana Athman aliuliza.

"Mke wa fundi wa Kakamega." Akakitoa kisu, akakiweka mkekani. "Rangi ile niliikwangua mimi. Nyekundu yake hiyo hapo kwenye pengo. Huyu mama hakuiona hata kwa macho."

Mzee alikiokota kisu, akalitazama lile pengo.

"Sasa wewe, mke wa watu," Bwana Athman alisema, "utoke Kakamega uje kuharibu amani ya nyumba yangu, kwa nini hasa?"

"Wivu, mzee. Sina neno lingine la kulipamba."

Kaka yake Zainabu aliguna, kisha, Mungu amsamehe, akacheka. Bwana Athman hakucheka, alimkaripia Namalwa kwa maneno ambayo alistahili, naye akayapokea yote ameinamisha kichwa. Mwisho mzee aligeuka akaliinua lile sanduku la bati mwenyewe, akalirudisha ndani. Nyuma ya pazia kulisikika mtu akipenga kamasi.

Zainabu ndiye aliyemsindikiza mgeni hadi kituoni, kama inavyopasa. Walitembea hadi walipopita nyumba ya mwisho. Kisha Zainabu akasema, akitazama mbele:

"Hii sikuigusa. Mungu shahidi."

"Najua."

"Zile za mwanzo nilizigusa. Zote. Kwa ncha ya mkasi."

Namalwa alisimama. Basi lilikuwa linakuja kwa mbali na vumbi lake. Angeweza kurudi akasema na hilo pia, maana kwa siku ile alikuwa mtu wa kusema kweli. Lakini lile halikuwa lake.

"Kwa nini unaniambia mimi?"

"Nimwambie nani? Wewe unaujua wivu unavyokula." Zainabu alimshika kiganja, yale makucha yaliyopasuliwa na jembe, akayapapasa. "Mwambie mumeo apake tena ile rangi. Apake nyingi. Na mimi mkono wangu unahitaji askari."

Namalwa alifika Lurambi kabla ya kuku kuingia kulala. Erastus alikuwa amewasha moto mwenyewe, vibaya, jiko limejaa moshi. Alimsogezea kigoda, na uso wake ulikuwa bado haujawa ule wa zamani. Namalwa akaona hautakuwa kwa siku moja. Akavua viatu, akakaa.

"Baba Sellah."

"Naam."

"Askari wako ni tone la rangi juu ya skrubu. Nimetegua. Nirudishie Mumias yangu."

Erastus alichochea moto, akakohoa kwa moshi.

"Nitakurudishia," alisema. "Lakini kwanza keti nikusimulie nilivyopokewa huko. Na safari hii ungoje hadi mwisho."

Akangoja.