Mapazia ya Wifi

Wifi alipolitoa lile neno, kina mama wa jumuiya walicheka mpaka wakashikana mabega. Fundi cherehani, mjane wa kaka yake, alikuwa ndiyo kwanza ameshuhudia kwamba Mungu amemfundisha kutosheka na mashine yake ya miguu na chumba chake kimoja.

"Kutosheka gani?" wifi akadakia. "Huo ni umaskini uliovalishwa nguo ya kanisani!"

Fundi naye alicheka, jino pembe. Moyoni aliapa: utanitambua.

Mungu si Athumani, husema watu, ingawa sidhani kama kwa hili alihusika. Wifi alihamia nyumba mpya yenye madirisha makubwa, akaomba ibada ya jumuiya ifanyike kwake. Nani asingejua sababu? Akamletea fundi jora zima la kitambaa kizito cha zambarau.

"Yafike chini kabisa, wifi yangu. Yalale sakafuni."

Fundi alipima vizuri, kisha akakata vibaya. Kila pazia alilipunja shibiri nzima, taratibu, huku akiimba pambio, na kila mkasi ulipouma alisikia raha mpaka kisogoni. Kitambaa kilichobaki, kingi kuliko alivyotazamia, alikisukuma chini ya kitanda. Alijua kisasi ni cha Bwana. Lakini Bwana hana haraka, na yeye alikuwa nayo.

Aliyapeleka wageni wakiwa mlangoni. Yakaning'inia juu juu kama suruali ya mtoto aliyerefuka ghafla. Kina mama wakakonyezana.

"Kitambaa kiliisha?" mmoja akauliza.

Fundi akajiweka sawa kitini, aifaidi aibu. Wifi aliyatazama mapazia, akamtazama fundi.

"Kosa langu," akasema. "Nilimpa vipimo vibaya."

Baadaye, wakiandaa chai jikoni, wifi alisema kwa sauti ya chini: "Kilichobaki usirudishe. Nilinunua jora zima ili nawe ushone pazia. Tangu kaka yangu afariki, dirisha lako umeliziba kwa gunia. Na lile neno langu siku ile linaninyima usingizi. Niliogopa kukupa mkononi, ungenitupia usoni."

Fundi alichukia kuliko siku aliyochekwa. Hata kisasi, wifi amemnyang'anya!

Waliporudi sebuleni na chai, mwenyekiti wa kina mama akamwita: "Fundi wetu, hebu tupe tena lile neno la kutosheka."

Akasimama. Jua lilikuwa linapenya chini ya mapazia mpaka kwenye viatu vyake.

"Sijatosheka," akasema. "Vipimo vilikuwa sahihi. Mapazia haya niliyakata mafupi makusudi, nimwaibishe. Kitambaa nimekificha chini ya kitanda changu. Haya, nichekeni."

Hakucheka mtu.

"Nilijua tangu ulipoyatundika," wifi akasema. "Kaa, wifi. Chai inapoa."