Konzi ya Mungu Mwaka wa Panya

Mlimani kwetu hakuna anayeijua habari ya mwaka wa panya kuliko mimi. Aliyekuwa akiijua kunizidi tulimzika mwezi uliopita, ndiyo maana.

Mianzi ilichanua, panya wakala mbegu zake wakazaana, kisha wakashuka mashambani. Mpunga wa Ngun Par, mjane wa kijijini kwetu, ukabaki mabua matupu. Mwezi wa nane ulimkuta anakula viazi mwitu, vile vyenye sumu, ambavyo usipovikata na kuvilaza siku tatu kijitoni vitakulaza wewe.

Jumamosi ile alivikamua, akavitia sufuriani, na kabla ya kuwasha moto akachota konzi moja akaitia kwenye kopo la Mungu kando ya jiko. Wanawake wote wa kanisa letu hufanya hivyo. Kila unapopika, konzi moja ya mchele si yako. Jumamosi mkusanyaji hupita nyumba kwa nyumba, na kwa mchele huo tumejenga kanisa, tumemlisha na mchungaji mpaka vifungo vya shati vikagoma.

Binti yake, Dawt, alikuwa na mtoto wa wiki tatu kifuani.

"Mama, hata kiazi? Maziwa yamenikauka, mtoto ananyonya upepo, wewe unamgawia Mungu?"

"Namgawia kidogo. Naye keshazoea kula kwetu."

"Na unaimba! Unaimbia nini sasa?"

Ngun Par akakaa kwanza.

"Baba yako alipokufa, mwanangu, kuomba kulinishinda. Mdomo ulikataa kabisa. Mkono tu ndio uliendelea kutia konzi, kwa mazoea, kama ng'ombe anayejua njia ya zizini. Siku moja hapa hapa jikoni nikasikia mtu anaimba. Kumbe mimi. Mchele ulikuwa ule ule kidogo, na baba yako hakurudi. Lakini nilikuwa na furaha, na mpaka leo sijui iliingilia mlango gani. Kwa hiyo siachi. Ikirudi inikute mahali pale pale."

Dawt akamhamishia mtoto kwenye titi la pili.

Mkusanyaji, Hlei Sung, akaingia na kapu lake mgongoni, mkanda kwenye paji la uso. Akachungulia kopo.

"Jirani, wiki ya nne hii unatoa viazi."

"Mwambie mchungaji avichemshe sana, tusije tukamzika."

Walicheka mpaka mtoto akashtuka. Hlei Sung akaweka alama kwenye daftari mbele ya jina la Ngun Par, wakaondoka pamoja kwenda kwa mwenyekiti. Vijana wa kanisa la mjini walikuwa wamepandisha magunia ya mchele wa msaada kwa migongo yao, na kila nyumba yenye mama anayenyonyesha ilikuwa na haki ya makopo mawili. Mgawaji alikuwa mwenyekiti wa kijiji, Thang Uk, barazani kwake.

Thang Uk alivaa miwani, akaomba daftari la kanisa.

"Ngun Par. Alama, alama, alama. Kila wiki umetoa. Mwenye mchele wa kumpa Mungu hana njaa, mama. Msaada huu ni wa wenye njaa."

"Vilikuwa viazi, mzee."

"Mimi mwenyewe nilivibeba!" Hlei Sung akadakia.

"Daftari limeandika viazi?"

"Daftari lina alama tu."

"Basi." Akasukuma karatasi mbele. "Lakini mimi si mtu mbaya. Weka dole gumba hapa kwamba hukutoa chochote, alama ni za makosa. Nitakufikiria."

"Weka, Mama Dawt!" mtu akanong'ona kwenye foleni. "Mungu anaelewa."

Ngun Par alikitazama kidau cha wino. Akamfikiria mjukuu wake na lile titi lililolegea. Kidole kilishainuka.

"Nilitoa," akasema, akakirudisha. "Nikisema sikutoa, sina tena kitu mwaka huu."

"Shauri yako. Na hata hivyo mchele umeisha."

"Sasa hivi si ulikuwepo?" mtu akauliza nyuma.

"Umeisha! Mnadhani mimi nakula nini? Humu ndani ni viazi mwitu tangu mwezi wa saba. Mwana wa haramu akiona punje ya mchele nyumbani kwangu aniite mwizi."

Hlei Sung akaugeukia mlango wa nyumba. Nyumba hiyo ilikuwa ya mwisho kwenye mzunguko wake, na Jumamosi ni Jumamosi. Akapaza sauti mlangoni: "Mama Bik! Konzi!"

Mke wa mwenyekiti, Tin Sui, hakuwahi kuruka wiki tangu aolewe. Alitoka akifuta mikono, kopo limejaa mpaka ukingoni, akalimimina kapuni juu ya viazi vya watu. Mchele wetu wa mlimani ni mfupi, mwekundu. Huu ulishuka mrefu, mweupe pepepe, mchele wa bondeni, ndugu mmoja na ule wa magunia.

Ngun Par akainama juu ya kapu.

"Mama Bik, hongera. Viazi vyenu vimetakata!"

"Huo," mwenyekiti akasema, miwani imemteleza puani, "huo niliununua mwenyewe mjini, wiki iliyopita."

Tin Sui akageuka, kopo tupu mkononi.

"Baba Bik, mjini ulikwenda lini?"