Sauti ya Bernadina

Mguu wa Bernadina ulikuwa bado kwenye plasta tangu tope lililoporomoka mlimani limvunje, na alikuwa akijikokota kutoa maji mtungini wakati Gervasi, mwenyekiti wa wenye vibanda, alipobisha hodi. Alikuja na Patriki, mdogo wa marehemu mumewe.

Mkutano ulikuwa kesho. Tajiri mmoja alitaka kuvunja vibanda vyao sokoni Katesh ajenge maduka ya ghorofa. Asiyeweza kufika alipaswa kuteua mwakilishi. Bernadina akamtaja Helena, jirani yake wa kibanda. Gervasi akakataa: kibanda kilikuwa cha marehemu, kitasemewa na mwanamume wa ukoo.

Bernadina akamshika Patriki mkono. "Ukapige kura ya hapana."

"Sawa, shemeji."

Helena ndiye aliyemletea habari. Patriki alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono kukubali.

Mfupa ulikataa kuunga mwaka mzima. Bernadina alipoanza kutembea kwa gongo, vibanda vilikuwa vimeshavunjwa na ghorofa imesimama, wanawe wanashindia uji mtupu, na Patriki, kama mwakilishi wake, amepewa duka la chini linalotazama barabara ya Singida. Bernadina akamfuata Gervasi kutaka mwakilishi wake aondolewe.

"Mwakilishi anaondolewa na mkutano, mama," Gervasi alisema kwa upole. "Na mkutanoni unawakilishwa naye."

Kesho yake Bernadina akatandika gunia mbele ya mlango wa duka la Patriki, akaketi. Kila mteja aliyekuja, Bernadina alimweleza jinsi mwenye duka alivyolipata. Wengi waligeuza. Siku ya mnada, watu wa kijiji cha Gehandu walioshuka na ng'ombe walimsikiliza mpaka mwisho, wakaenda kununua kwingine. Ilimpendeza. Akawa anawahi kufika kabla mlango haujafunguliwa.

Kornelia, mke wa Patriki, alitoka akapiga magoti. "Shikamoo, dada. Watoto wangu watakula nini?"

Bernadina hakuitikia salamu. "Walichokula wa kwangu."

Siku ya mkutano wa wenye maduka, Patriki aliita mgambo, kisha akapanda mkutanoni. Wawili walimnyanyua kwapani, gongo likaanguka. Bernadina akang'ang'ania nondo za dirisha. Juu, ghorofani, Gervasi alikuwa akiita majina ya wajumbe mmoja mmoja, sauti ikishuka mpaka barabarani.

"Bernadina Bura?"

"Nipo hapa!" akapiga kelele, na mgambo akambandua kidole kimoja kimoja.

"Yupo," Patriki akajibu kule juu, na Gervasi akaita jina lililofuata.